Silikati ya sabuni, nyasi za banda, na moto

Tangu Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda yaliyoezekwa nyasi, iungue Machi 2010 watu wengi Uganda wanaogopa paa la nyasi, na wana haki. Sasa wenye lodge na wenye banda za kunywea hapa Kampala wananiuliza kitu kimoja: eti ile silikati ya sodiamu wanayoweka kwenye sabuni ya mche, ile nzito ya kwenye jerikani, ukiipaka kwenye nyasi moto haushiki? Kwa mbao za ndani ndiyo, inasaidia kweli. Kwa paa la nyasi linalonyeshewa, tafadhali usitupe hela yako.

Hiyo kitu ni ya zamani. Fuchs, mkemia wa Munich, aliipata mwaka 1818, na ukumbi wa maonyesho wa huko ulipoungua 1823 wakaujenga upya wakatumia silikati kulinda mbao. Inatoka kwenye mchanga tu, silika, unayeyushwa pamoja na magadi kwenye tanuru la zaidi ya nyuzi 1000 halafu unayeyushwa tena ndani ya maji moto.

Sasa jaribu mwenyewe: chukua vipande viwili vya mbao ya paini, kimoja ukipake mara mbili tatu kiache kikauke vizuri, afu weka vyote juu ya sigiri yenye mkaa umekolea. Kile ambacho hukukipaka kitatoa moshi mara moja na moto utashika. Kile cha silikati kitaanza kutoa sauti ndogo ndogo za kupasuka, rangi inageuka nyeupe, na ngozi ya juu inaumuka kama andazi kwenye mafuta, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya silikati yanachemka yakitafuta njia ya kutoka wakati ngozi yenyewe imelainika. Povu lile likigumu limejaa hewa, joto linapita kwa shida. Na ujue mbao yenyewe haiungui moja kwa moja, kinachoungua ni gesi zinazotoka ndani yake ikifika kama nyuzi 250 hadi 300, kwa hiyo ukichelewesha joto umechelewesha gesi. Kuchelewesha tu! Silikati haizimi moto, inakupa muda watu watoke, na muda huo ndio unaookoa maisha.

Kwa nini basi nyasi hapana? Kwanza silikati inayeyuka kwenye maji, na mvua zetu mnazijua. Pili hata bila mvua, kabonidioksaidi ya hewani inaila polepole, unaona unga mweupe juu, hiyo ni kaboneti ya sodiamu, na kilichobaki chini ni silika kavu iliyopasuka ambayo haiumuki tena. Mbao za ndani pia zina tatizo hilo, ndiyo maana inabidi upake rangi nyingine juu yake na uangalie kila baada ya muda. Halafu ni kali kwa ngozi na macho, vaa glovu na miwani.

Kwa fundi wa faiba, wale wa matangi na maboti, habari ni tofauti kidogo. Unga wa silika ukichanganywa kwenye rizini ya poliesta, ile plastiki ya maji inayogandisha faiba, rizini ikiungua silika inabaki na kujikusanya juu kama ganda, na kilele cha joto linalotolewa na moto kinashuka. Lakini muda wa kushika moto haubadiliki sana, kwa hiyo msikubali mtu awauzie "tangi haliungui" kwa sababu tu kuna silika ndani. Mimi ningeiweka pamoja na haidroksaidi ya alumini, hiyo ikifika kama nyuzi 200 inaanza kuachia maji, karibu theluthi ya uzito wake, inapoza kabisa. Na silika iwe imepakwa sileni, kemikali inayoishikanisha na rizini, maana uso wake umejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyopenda maji na kupendana vyenyewe, bila sileni chembe zinashikana mabonge na rizini haizilowanishi, unapata faiba dhaifu.

Kuna wanaoniuliza kama silika inaweza kutoka kwenye maganda ya mpunga ya Butaleja, mashariki mwa Uganda, yale marundo nje ya mashine. Ni mali hiyo, naamini hivyo kabisa: majivu ni kama sehemu moja ya tano ya uzito, na sehemu kubwa ya majivu ni silika. Lakini yachomwe chini ya nyuzi 700 hivi na hewa ya kutosha. Rundo linalojichomea katikati linaweza kuzidi hapo, silika inageuka fuwele, na vumbi la fuwele linaharibu mapafu, uharibifu usiopona, na linasababisha saratani. Kwa hiyo yeyote anayesaga majivu hayo avae maski ya vumbi iliyokaa sawasawa usoni, kitambaa hakitoshi, na alowanishe majivu kabla ya kufagia.