Toboa kwanza, kereza baadaye

Kwa muda mrefu nilikereza mpini mpaka ukang'aa, ndipo nikautoboa. Tundu liliingia katikati, likatokea pembeni. Upande mmoja ukabaki mnene, wa pili mwembamba kama ganda, na kazi ya nusu siku ikawa kuni.

Siku hizi natoboa mti ukiwa bado mnene. Tundu likishaenda upogo halinyoshwi tena, lakini nje ya mti bado naweza kuikereza ilifuate tundu.

Kwenye mashine ya kukereza, mti ndio unaozunguka, biti, yaani chuma cha kutobolea, imetulia kwenye kichwa cha nyuma, sehemu ya mashine inayosogezwa kuelekea mti. Hiyo inasaidia biti kuanza katikati. Ikishazama, biti nyembamba hupinda kidogo na kufuata nyuzi za mti, hasa ikikutana na fundo. Kwa hiyo mwanzo wa tundu naupa muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Nasukuma kichwa cha nyuma mpaka ncha yake ikutane na ncha ya kichwa cha mbele, kile kinachouzungusha mti. Zikipishana, mdomo wa tundu utapanuka kuliko biti yenyewe. Nakereza uso wa mti uwe bapa, kisha kwa ncha ya patasi nachimba kishimo kidogo katikati kabisa. Kikibaki hata kichuguu kidogo pale, biti itateleza. Naanza na biti fupi na nene, isiyopinda, ndipo naweka ndefu.

Mwendo uwe wa polepole. Kwa biti pana ya milimita 25 sizidishi mizunguko 500 kwa dakika. Kila nikizama sentimita mbili hivi natoa maranda, maana yakijazana biti inapata moto na kuganda ndani.

Hapa naomba uwe makini sana. Kishikio cha biti kina mkia wa umbo la pia unaoingia kwenye kichwa cha nyuma, kwa kawaida wa Morse namba 2 (kipimo cha mikia ya aina hii), na kinachoushika ni msuguano tu. Ukirudisha nyuma biti iliyobanwa, mkia unaweza kuchomoka, na kishikio chote kikaanza kuzunguka pamoja na mti. Kama biti imebana, zima mashine kwanza. Hata inapotoka vizuri mimi hurudisha taratibu, mkono mmoja umekishika kishikio.

Tundu likiwa tayari, nakereza kizibo cha mti chakavu chenye mteremko kidogo, nakiacha palepale kwenye kichwa cha mbele, na kukivika mdomo mmoja wa tundu. Mdomo wa pili unaingia senta ya pia, yaani ncha nene ya umbo la pia, ya kichwa cha nyuma. Sasa mti unazunguka kwa kufuata tundu lake, na mara ya kwanza utayumba vibaya, usishtuke. Kereza taratibu mpaka myumbo uishe.

Kwa kazi ndefu kama nguzo ya taa natoboa nusu kutoka kila upande. Matundu yakipishana milimita moja pale kati, waya unapita bila shida, na midomo yote miwili imekaa katikati.