Forbin: Frigeti ya Kifaransa ya Ulinzi wa Anga

Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya Falklands, kombora la Exocet lililorushwa na ndege ya Argentina liliipiga manowari ya Uingereza Sheffield na kuua mabaharia 20. Kombora hilo huruka mita chache tu juu ya maji, na hapo ndipo penye ugumu wa ulinzi wa anga baharini. Mawimbi ya rada husafiri karibu kwa mstari ulionyooka ilhali dunia ni mviringo. Kwa hiyo rada iliyofungwa mita 25 juu ya bahari hailioni kombora linaloruka kwenye kimo cha mita 5 mpaka limekaribia kilomita 30, na kwa mwendo wa mita 300 kwa sekunde mabaharia hubakiwa na sekunde 100 tu.

Ni kwa ajili ya sekunde hizo Ufaransa iliunda, huko Lorient, frigeti (manowari ya kusindikiza na kulinda meli nyingine) Forbin na pacha wake Chevalier Paul, zote mbili zenye makao Toulon. Mradi uliozizaa uliitwa Horizon, yaani upeo wa macho. Uingereza ilijitoa mwaka 1999, na Ufaransa na Italia zikauendeleza, kila nchi ikipata meli mbili.

Forbin ina urefu wa mita 153 na uzito wa takriban tani 7,000. Rada yake moja hutazama mbali, mamia ya kilomita, na nyingine, iliyo juu ya mlingoti wa mbele, huzunguka mara moja kila sekunde ikiyafuatilia makombora yanayokuja. Sitahani imebeba makombora 48 yaliyosimama wima, ambayo hayahitaji kugeuzwa kuelekea shabaha kabla ya kufyatuliwa: 16 ya Aster 15 na 32 ya Aster 30, ambayo hufika zaidi ya kilomita 100. Kwangu mimi, ustadi mkubwa uko mwishoni mwa safari ya Aster, pale gesi inapofoka ubavuni, karibu na kitovu cha uzito wake, na kulisukuma kombora zima kando ili limfuate adui anayekwepa.

Kazi kuu ya meli hii ni kuwalinda wengine, hasa Charles de Gaulle, manowari inayobeba ndege. Machi 2024, katika Bahari ya Shamu, inakopita shehena nyingi kati ya Ulaya na bandari za Mombasa na Dar es Salaam, frigeti Alsace, ya kundi jipya kuliko la Forbin, ilidungua kwa Aster 30 makombora matatu ya balistiki, yaani yanayorushwa juu sana kisha kushuka kwa kasi kubwa. Makombora ya namna hii yakiisha, hayajazwi tena baharini. Meli hulazimika kurudi bandarini, na msafara huhitaji mlinzi mwingine.