Polisi kufukuzwa na kurudishwa kazini: chama kinasingiziwa

Ukizungumzia uwajibikaji wa polisi nchini Marekani, hukosi kuambiwa kwamba mkuu wa polisi hawezi kumfukuza askari kwa sababu chama cha wafanyakazi cha polisi hakikubali. Nimechoka kulisikia. Derek Chauvin na wenzake watatu, polisi wa jiji la Minneapolis, walifukuzwa siku moja tu baada ya kifo cha George Floyd, raia aliyefia mikononi mwao Mei 2020, na Minneapolis ina chama chenye nguvu. Kufukuza si tatizo. Kazi ipo katika kuhakikisha aliyefukuzwa harudi.

Mwaka 2017 gazeti la Washington Post lilichunguza idara kubwa za polisi, likakuta kwamba kati ya askari 1,881 waliofukuzwa kwa utovu wa nidhamu tangu 2006, zaidi ya 450 walirudishwa kazini. Chama hakina mamlaka ya kumrudisha mtu. Kinakata rufaa tu. Anayeamua ni mwamuzi wa nje, asiye wa idara wala wa chama. Naye huuliza: sababu ni halali? Utaratibu ulifuatwa? Wengine waliofanya kosa hilihili walipewa adhabu gani? Hapo ndipo waajiri wengi huanguka. Tuseme askari kafukuzwa kwa kumpiga mtu aliyefungwa pingu. Wakili wa chama anatoa jalada la mwenzake aliyefanya vilevile akasimamishwa siku tano, kisha la mwingine aliyepewa onyo la mdomo tu. Mwamuzi ataipunguza adhabu, na kwa ushahidi ulioko mezani ana haki. Ndiyo maana kila mkuu wa polisi namwambia aadhibu kosa dogo linapotokea, aandike, na asimfichie mtu kwa kuwa ni mchapakazi.

Halafu kuna wanaodai chama kimejiandikia mkataba wa kazi kati yake na jiji. Mkataba una sahihi mbili! Jiji lisipokuwa na fedha za nyongeza ya mshahara hushawishika kulegeza masharti ya nidhamu, maana hayo hayaonekani kwenye bajeti. Jiji la Chicago lenyewe lilitia sahihi kipengele cha kuharibu kumbukumbu za malalamiko baada ya miaka kadhaa, na ilibidi Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois iingilie mwaka 2020 kuzinusuru. Anayetaka mabadiliko awabane madiwani kabla hawajaupitisha mkataba. Baada ya hapo amechelewa.

Kinga inayowalinda askari wasidaiwe fidia binafsi? Hiyo haitokani na mkataba wowote. Ni zao la Mahakama ya Juu ya Marekani tangu 1967.

Na wanaoamini kwamba vyama vikifutwa mambo yatanyooka walitazame jimbo la North Carolina. Sheria ya huko inakataza serikali kuingia mikataba ya pamoja na vyama vya watumishi wake tangu 1959. Hata hivyo, tangu 2016 video za kamera wanazovaa polisi haziwekwi hadharani bila amri ya mahakama, na sheria hiyo ilipitishwa na bunge la jimbo.