Gari bado linatetemeka? Usikimbilie kununua shafti

Juzi nililetewa pikapu iliyofanyiwa balansi ya matairi mara tatu. Ikifika kilomita 80 kwa saa ilitetemeka palepale, na mtetemo wenyewe unausikia kwenye kiti, usukani umetulia. Mwenye gari alishaambiwa anunue propela shafti nzima, yaani lile bomba refu linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma.

Mimi huanzia barabarani. Kwenye njia iliyonyooka isiyo na magari, nikifika mwendo ule wa mtetemo naweka nyutro bila kuzima injini. Mtetemo ukiendelea, naiacha injini nakwenda kwenye vinavyozunguka na mwendo wa gari: matairi, rimu, shafti. Usukani ukicheza, mara nyingi ni magurudumu ya mbele. Kwa gari linalovutwa na magurudumu hayo, likitetemeka ukikanyaga mafuta na kutulia ukiachia, shuku sivijointi ya ndani, kiungo kinachopinda kwenye shafti fupi ya kila gurudumu. Ile ya nje hulia ka-ka-ka ukikata kona.

Propela nayo ina mvumo wake, wa haraka. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ikiwa ya uwiano wa 4.1, propela huzunguka mara nne na ushee tairi likizunguka mara moja, kwa hiyo hata kibati kidogo kilichobandikwa kuisawazisha kikidondoka, mtetemo utausikia.

Nikaingia chini ya ile pikapu. Krosi, vile viungo vya msalaba vya shafti, hazina mchezo, yaani hazijalegea; senta beringi inayoshikilia shafti katikati ni nzima. Lakini uma za shafti, zile ncha zinazoshika krosi, hazikutazamana. Nikakwangua tope kwenye maungio ya meno, pale vipande vya shafti vinapoingiana, vikatokea vishale viwili vya kiwandani, kimoja juu, kingine kimekwenda pembeni. Shafti iliwahi kufunguliwa wakati wa kubadilisha klachi, ikarudishwa bila kufuata alama. Nikaichomoa, nikaoanisha vishale, nikafunga. Hakikununuliwa kitu.

Inaniuma kuona mtu analipia shafti nzima kwa sababu ya krosi moja. Krosi hubadilishwa peke yake kwenye shafti nyingi, na senta beringi vilevile. Mpira wa sivijointi ukipasuka leo, badilisha mpira na grisi leo, kabla mchanga haujaila jointi yenyewe. Shafti ikipinda au ikichomelewa, lazima ipite kwenye mashine ya balansi. Na ya mtumba naitaka ipite huko pia.

Fundi akikwambia krosi imekwisha, mwombe aizungushe shafti kwa mkono huku na huku, nawe shika pale kwenye krosi. Mchezo utausikia kwa vidole.