Kikombe cha unga si gramu 250

Dhana: Kikombe ni mililita 250, basi unga wake ni gramu 250.
Hiyo ni hesabu ya maji. Unga una hewa nyingi katikati ya chembe zake. Kikombe cha unga mweupe wa ngano, ukijazwa kwa kijiko bila kushindiliwa, huwa na gramu 120 hadi 125 hivi. Sukari nyeupe kwenye kikombe hichohicho hufika gramu 200. Aliyetia gramu 250 ametia unga maradufu, halafu analaumu oveni.

Dhana: Namna ya kujaza haijalishi.
Hapa ndipo keki nyingi huharibikia. Ukikizamisha kikombe ndani ya unga na kuchota, unaushindilia bila kujua, na kikombe chaweza kubeba gramu 150. Kwa vikombe 3, gramu 25 za ziada kila kimoja ni gramu 75, zaidi ya nusu kikombe ambacho hukukusudia. Kama huna mizani, utifue unga kwanza, ujaze kwa kijiko, kisha usawazishe juu kwa mgongo wa kisu. Usikigongegonge kikombe.

Soma pia maneno yenyewe ya maelezo ya mapishi. "Kikombe 1 cha unga uliochekechwa" maana yake chekecha, ndipo upime. "Kikombe 1 cha unga, kisha uchekeche" ni kinyume chake, na uzito hautakuwa sawa.

Dhana: Kikombe cha kupimia ni kilekile duniani kote.
Cha Marekani ni kama mililita 237, cha Australia 250, cha Japani 200. Hata kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, wakati kwingi ni 15. Kikombe cha chai cha kabatini tusikitaje.

Dhana: Mizani ni ya waokaji wa biashara.
Mizani ndogo ya jikoni inatosha: weka bakuli, rudisha sifuri, mimina. Faida yake kubwa huonekana kwenye mkate, maana waokaji huhesabu unga kuwa asilimia 100 na vingine vyote kwa kuulinganisha nao. Maji ya asilimia 65 kwa unga gramu 500 ni gramu 325, basi. Ila mizani nyingi za nyumbani husoma gramu nzimanzima tu, kwa hiyo robo kijiko cha chumvi ipime kwa kijiko.