Kusamehe si kubebewa begi: dhana potofu kuhusu kupona baada ya ukatili wa maneno

Dhana: Ukisamehe, unarudi.

Kikao cha familia Ujiji, mkoani Kigoma, kina mwendo wake. Jamvi linatandikwa, wazee wanaamkiwa, shangazi anaanza na "mwanangu, ndoa ni kuvumilia", na chai haijapoa mwanamke anatakiwa atamke kwamba amesamehe. Akitamka tu, begi lake linabebwa kurudishwa kwa mume. Mambo mawili yamefungwa fundo moja hapo. Kusamehe ni kwa mtu mmoja: anaacha kutamani kulipiza. Kurudiana kunataka wawili, tena aliyekosa awe amebadilika kwa vitendo: simu haipekuliwi, hela ya matumizi haizuiwi kama adhabu, ndugu wa mke wanakaribishwa. Unaweza kutoa la kwanza ukakataa la pili.

Hata maandiko yanayosomwa kikaoni hukatwa katikati. "Saba mara sabini" iko Mathayo 18. Mistari michache juu yake, sura hiyohiyo inasema ndugu aliyekosa akikataa kulisikiliza hata kanisa, awe kwako kama mtu wa mataifa. Surat Ash-Shura aya ya 40 inamsifu anayesamehe. Ya 41 inasema anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama.

Dhana: Samehe kwanza, kupona kutafuata.

Mwaka 2006 Gayle Reed na Robert Enright wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 20 waliofanyiwa ukatili wa kisaikolojia na waume zao. Waliopata tiba ya kusamehe walipata nafuu ya sonona na wasiwasi kuliko wenzao waliopewa tiba nyingine. Kinachoachwa utafiti huo unaponukuliwa ni kwamba wote walikuwa wameachana na waume hao kwa miaka 2 au zaidi, na kwamba tiba ya Enright huanza na kuitoa hasira nje. Anayesukumwa kusamehe huku bado analala nyumba ileile anameza hasira iliyokuwa ikimwonya.

Hasira hushughulikiwa kwa daftari. Dakika 20, mchana, si wakati wa kulala. Chora safu tatu. Ya kwanza: alichosema, kwa maneno yake hasa, si "alinitesa" bali "aliniambia mbele ya wageni kwamba hata ugali sijui kusonga". Ya pili: nilichopoteza. Ya tatu: nilichoanza kuamini juu yangu. Wengi hukwama kwa sababu wanairuka hii ya tatu; wanatamka msamaha na huku bado wanaamini hawajui kusonga ugali. Kama bado mnaishi pamoja, daftari likae kwa mtu unayemwamini. Ukikosa usingizi siku kadhaa, au yakaja mawazo ya kujidhuru, lifunge uende Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie huduma ya afya ya akili.

Dhana: Maumivu yakirudi, hukusamehe.

Mwili una kalenda yake. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi wa dagaa hazivuti samaki vizuri, basi mume aliye mvuvi anabaki nyumbani. Mwanamke aliyetukanwa siku hizo miaka na miaka anaweza kuingiwa na hofu mwezi unapojaa, hata kama keshahamia mtaa mwingine. Hiyo ni kumbukumbu, wala si kinyongo. Zijue siku zako: kalale kwa dada yako, na simu ya mume usiipokee.

Dhana: Hakukupiga, ni maneno tu.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataja ukatili wa mwili au wa akili kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kwa kawaida unapita kwanza baraza la usuluhishi la ndoa; usuluhishi ukishindikana, usiondoke bila hati inayosema hivyo, maana mahakama itaidai. Kukiwa na vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

Dhana: Lazima aombe radhi, au umwambie umemsamehe.

Hapana kwa yote mawili. Wapo ambao wakisikia wamesamehewa hudhani mlango uko wazi. Barua ya msamaha iandike ukitaka, ila usiitume.