Deni la Aprili, Ritani ya Juni

Walipa kodi wengi nchini Kenya wanaijua tarehe moja tu: Juni 30. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha kwa KRA, mamlaka ya kodi nchini, ritani (taarifa) ya kodi ya mapato ya mwaka uliopita, na jioni yake saiba hujaa hadi mlangoni, watu wakisubiri iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, ifunguke. Tarehe ya pili haitajwi sana, nayo ndiyo inayouma. Kama hesabu ya mwaka mzima inaonyesha unadaiwa, salio hilo lilitakiwa liwe limelipwa kufikia Aprili 30.

Chukua mshauri anayejitegemea aliyebakiza deni la Sh20,000. Akiketi kujaza ritani Juni 29, anajiona amewahi. Kumbe deni limeshapigwa adhabu ya asilimia 5, yaani Sh1,000, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, Sh200, inaendelea kuhesabiwa. Angepiga hesabu hiyo Februari, angekuwa na miezi miwili ya kutafuta pesa. Kuwasilisha mapema hakumlazimu mtu kulipa siku hiyohiyo, jambo ambalo wengi hushangaa kulisikia.

Aliyeajiriwa naye husema, "Mimi hukatwa kwenye mshahara, yangu yamekwisha." Hayajaisha, ritani bado inamngoja. Kinachomkwamisha sana ni P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa. Aliyebadilisha kazi Agosti anahitaji P9 mbili, na ya kwanza iko kwa mhasibu wa kampuni aliyoihama, mtu asiye na haraka naye tena. Mpigie Machi. Mwishoni mwa Juni simu yake huita tu.

Ukizipata, linganisha PAYE, yaani kodi uliyokatwa kwenye mshahara, iliyo kwenye fomu na ile iTax inayokuonyesha. Zikitofautiana, huenda mwajiri aliruka mwezi mmoja au alikosea PIN yako, namba yako ya mlipa kodi. Kosa la namna hiyo hurekebishwa na mwajiri mwenyewe, na huchukua siku kadhaa. Atakayeligundua saa nne usiku wa Juni 30 atachagua kati ya kuchelewa na kukubali deni lisilo lake. Mwenye bima ya maisha aombe pia cheti mapema, maana nafuu yake ya kodi ni asilimia 15 ya anacholipia bima, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka.

Asiye na mapato lakini ana PIN, kama mwanafunzi, huwasilisha ritani ya sufuri. Ni kazi ya dakika chache, lakini akichelewa faini ni Sh2,000.

Na hata kama P9 haijafika, jaribu kuingia iTax leo. Wengi hugundua hapo kwamba wamesahau nywila, na kwamba mpya hutumwa kwa barua pepe waliyofunguliwa na kijana wa saiba miaka mingi iliyopita, ambayo nywila yake nayo hawaikumbuki.